Kulala Juu ya Maji

Nilimwona mtu mzima akilala juu ya maji kwa mara ya kwanza maishani mwake, na tangu siku hiyo fikira zangu zimekuwa zikilizunguka jambo hilo bila kuchoka. Ilikuwa katika bwawa la kuogelea Dar es Salaam, wakati wa alasiri, jua limekwisha pungua ukali na watoto wametolewa majini ili wakubwa wao wapate nafasi. Na miongoni mwa wanafunzi alikuwamo mama mmoja wa makamo, mwenye vazi refu la kuogea na kilemba kilichofungwa kwa uangalifu, ambaye maji yalimfika kifuani tu, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuogopa isipokuwa ile sababu kongwe ambayo kila kiumbe wa nchi kavu amezaliwa nayo. Mwalimu, kijana wa rika la wanawe, aliuweka mkono mmoja chini ya kisogo chake na wa pili chini ya mgongo, akamwambia kwa adabu, "Mama, tazama juu. Legeza shingo." Naye akajibu, "Mwanangu, usiniachilie." "Nipo, mama." Maneno hayo machache yalirudiwa na kurudiwa mpaka yakapata mahadhi ya uradi, na kila yaliporudiwa, uzito wa mama yule ulihama kidogo, ukitoka katika misuli yake kuingia katika viganja vya kijana, na kutoka katika viganja vya kijana kuingia katika maji, hata ikafika dakika ambayo mikono ya mwalimu ilikuwa ingali chini yake lakini haimgusi tena, naye hana habari.

Ujuzi mwingi ambao mwanadamu huutafuta kwa jasho humzidishia kitu, kuelea humpunguzia. Nguvu imbebayo mtu majini ilikuwapo kabla hajavua viatu ukingoni, nayo itakuwapo baada ya yeye kuondoka, wala haimbagui mwoga na jasiri. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika kitabu juu ya vitu vieleavyo, akabainisha kwamba kila kiingiacho majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa mahali pake. Na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji yenyewe, unakaribiana mno na maji kwa uzito, hata tofauti baina ya kuelea na kuzama ikawa ndogo kadiri ya pumzi. Mapafu yakijaa, aghalabu mtu ni mwepesi kuliko maji aliyoyachukulia nafasi. Yakiisha hewa, aghalabu ni mzito. Bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, humbeba kwa ukarimu uliozidi ule wa bwawa au ziwa. Na katika Bahari ya Chumvi, ambako chumvi hupita gramu 300 katika lita, mtu hata akitaka kuzama hupata taabu. Haya yote yanaweza kusomwa chumbani na kukaririwa kwa ufasaha, na msomaji akabaki hawezi kuyaamini kwa mgongo wake. Benjamin Franklin wa Marekani, aliyekuwa mwogeleaji hodari tangu ujana wake, alilijua hilo. Alipotakiwa shauri na sahibu yake aliyekuwa mtu mzima naye hajui kuogelea, hakumpelekea hesabu za uzito. Alimwagiza aingie majini mpaka kifuani, ageuke auelekee ufuko, alitupe yai baina yake na ufuko huo, kisha alizamie huku macho yamefumbuliwa. Katika kujitahidi kulifikia yai, angetambua kwamba maji yanamrudisha juu kinyume cha matakwa yake, na kwamba kwenda chini si jambo jepesi kama hofu ilivyomsimulia. Nalipenda shauri hili kuliko mengi niliyopata kuyasoma juu ya imani ya kila namna, maana linamtaka mwoga aende kwa hiari upande uleule anaouogopa, akaone mwenyewe ni nani anayemzuia asifike.

Mfa maji haishi kutapatapa, walisema wahenga, na sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa mdaiwa aliyebanwa, kwa mgomvi aliyeishiwa hoja, au kwa mtawala ambaye siku zake zinamponyoka. Bwawani inarejea katika maana yake ya asili, na hapo ndipo nilipoona jinsi walioitunga walivyokuwa watazamaji makini. Hofu humwambia mtu ainue kichwa. Na kichwa cha mtu mzima, ambacho kina uzito upatao kilo tano, kikiwa majini hubebwa na maji, lakini kikiinuliwa juu yake huwa mzigo mtupu, na mzigo huo huzamisha nyonga, nyonga huvuta miguu, na miguu ikishuka mtu husadiki kwamba anazama, akazidi kuinua kichwa. Hofu humkaza kifua, na kifua kilichokazwa hakichukui hewa ya kutosha, na kwa kupungukiwa hewa mwili huzidi uzito. Kila tendo la kujiokoa linalotoka katika fadhaa huitumikia fadhaa yenyewe. Dawa yake, ambayo mwalimu yule aliirudia kwa subira isiyo na mwisho, ni kinyume cha kila kitu ambacho mwili unashauri: masikio yaingie majini, kidevu kielekee mbinguni, mikono inyooshwe nyuma ya kichwa ili iwe mizani ya miguu, maana hewa yetu imekaa kifuani ilhali uzito wetu umekaa kiunoni na mapajani. Wapo, ni lazima niseme, watu wakavu wenye misuli mizito ambao miguu yao itashuka hata wafanye nini. Na mwalimu mwenye hekima hawakemei, kwa kuwa kuelea kwa kuinama, hata kwa kusimama wima huku uso peke yake uko nje, nako ni kuelea. Masikio yakiisha kuzama, kelele za dunia hukatika ghafula, na mtu huisikia pumzi yake ikiingia na kutoka, pengine kwa mara ya kwanza tangu aanze kuvuta pumzi.

Ziko nyakati mbili ambazo mwana wa pwani hulazwa chali na kuogeshwa kwa mikono isiyokuwa yake. Ya kwanza ni pale bibi anapoketi juu ya kigoda, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto wa siku chache juu ya miundi yake na kumwagia maji ya uvuguvugu, kiganja kimoja kikiishika shingo ambayo bado haijapata nguvu. Ya pili ni pale jamaa wanapomlaza maiti wao, wakaanza kumwosha kwa upande wa kuume, mmoja akimwinua kichwa kwa upole uleule, kana kwamba shingo ile ingeweza bado kuumia. Nyakati zote mbili mwenyewe hana fahamu. Katikati ya hizo umepita umri mzima wa kufundishwa kinyume: jikaze, piga moyo konde, usimwonyeshe mtu udhaifu wako, na watu waliolea, waliouguza na waliozika wameyashika mafundisho hayo kwa uaminifu mkubwa, na yamewafaa, na nyumba nyingi zimesimama kwa ajili yake. Kisha wanaingia bwawani, na ule ukakamavu wao wote haununui hata nukta moja ya utulivu. Nadhani hiyo ndiyo sababu watu wazima hulia wanapojifunza kuelea, nami nimewaona wakilia, wanaume kwa wanawake, bila kuumia popote na bila kumeza maji. Wamefikia hali ambayo waliijua kabla hawajajua kitu, na ambayo wataifikia tena wasipojua kitu. Safari hii wamo ndani yake wakiwa na akili timamu na macho yamefumbuliwa.

Na hakuna aliyeifikia peke yake. Nimejiuliza kama mtu angeweza kujifunza kuaminia maji bila ya kwanza kuaminia mkono, na kwa watu wengi jibu langu ni kwamba hawezi. Maji hayasemi. Hayawezi kumwahidi mtu lolote, na ukarimu wake, ingawa haukosi, hauna uso wa kutazamwa. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusimama baina ya mwoga na maji, akaazima sauti yake na viganja vyake kwa ile nguvu bubu, mpaka mwoga aizoee. Mkono huo una maarifa yake. Ukijiondoa mapema, mwanafunzi huzama na imani yake huvunjika, na pengine hatarudi tena. Ukikawia kujiondoa, atazoea kubebwa na mtu akidhani amebebwa na maji. Mwalimu bora niliyemwona aliuondoa mkono wake kidole kwa kidole, naye hakumdanganya mwanafunzi wake, alipoulizwa, "Umeniacha?" alijibu, "Nimekuacha, mama, nami nipo hapahapa," na maneno yote mawili yalikuwa kweli.

Kuhusu hewa, ile itofautishayo kuelea na kuzama, kumbukumbu zangu haziko bwawani. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria, ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Kwa muda tumbo la meli lilibaki juu ya maji, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga chuma. Na chuma kile kilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imenasa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli isizame, ilipata njia ya kutoka, na meli ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa na nia ya kuokoa. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa hilohilo, karibu na gati la kisiwa cha Ukara, na siku mbili baada ya hapo fundi wake mmoja alitolewa hai, akiwa amehifadhiwa na hewa kidogo iliyosalia karibu na mitambo. Sitaki kuyafanya mauti ya watu kuwa pambo la maandishi. Nayataja kwa sababu, tangu nilipoyasikia, sivuti pumzi majini ila nayakumbuka, na kwa sababu nimetambua kwamba sisi wa nchi zenye maziwa makuu na pwani ndefu tumeacha jambo la kuelea liwe anasa ya wenye mabwawa, ilhali wanaolihitaji wako gatini, wakisubiri kivuko cha siku ya soko.

Mgeni afikaye pwani hudhani kwamba kila mwenyeji ni mwana wa samaki, na akiwaona vijana wanavyojirusha kutoka ukuta wa Forodhani pale Unguja, wakipinduka hewani na kutumbukia kwa shangwe, dhana yake hupata ithibati. Lakini awatazame ni akina nani wanaoruka. Binti wa kisiwa hukua akiisikia bahari usiku kucha, hula kilichotoka humo, huolewa na mvuvi, na aghalabu huzeeka bila kujua kuelea, kwa sababu desturi haikumtafutia vazi la kumsitiri majini wala mwalimu wa jinsia yake, na hakuna aliyeona kwamba amepungukiwa. Wanawake wa Paje na Jambiani wamelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakiingia maji yanapokupwa, wakiinama juu ya vigingi na kamba zao huku maji yakiwafika magotini au kiunoni. Na sasa kwa kuwa maji ya kina kifupi yamezidi joto, ile aina ya mwani yenye bei bora imekuwa ikifa, nayo ingeweza kustawi mbele zaidi, penye kina na ubaridi. Hapo ndipo wengi wanaposimama. Baina ya mwanamke yule na riziki yake pana maji ya kina cha mtu na nusu, na hakuna aliyepata kumlaza juu yake akamwambia, nipo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na hao ni watu waliofika bahari kila siku ya maisha yao, wakaishia mahali nyayo zinapoishia.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia watu wengi kupita kadiri iliyoruhusiwa. Na miongoni mwa waliookoka wamo walioipata asubuhi wakiwa wameng'ang'ania magodoro. Miaka iliyofuata, katika vijiji vya kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje na walimu wa huko walianza kuwaingiza wanawake na mabinti majini, wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima kutoka kichwani hata vifundoni. Na mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha, zikatunukiwa mwaka 2018 katika mashindano ya World Press Photo. Nimezitazama mara nyingi. Wanaonekana wanafunzi wa shule ya msingi ya Kijini katika maji ya Muyuni, wakijifunza kuelea, kuogelea na kuokoana, na nguo zao zimejaa maji na kutanda. Na nyuso zao, ambazo ningetarajia ziwe na furaha ya mchezo, zina makini ya mtu anayesikiliza habari inayomhusu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi wao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Nyuso zile za Muyuni hunifahamisha hesabu hiyo kuliko hesabu yenyewe.

Kwa watu wetu, habari ya kujiachia haiwezi kufikiriwa mbali na tawakali, na hapa nina ugomvi ambao sitauficha. Chombo kinapozama kwa sababu kimepakiwa kupita kiasi, haikosekani sauti ya kusema kwamba ndivyo ilivyokadiriwa, na mwenye kuhoji akatazamwa kama mpungufu wa imani. Nakataa, tena kwa moyo wangu wote. Bedui yule wa masimulizi aliagizwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Na aliyelala juu ya maji anafanya hivyohivyo, ijapokuwa mtazamaji wa ukingoni humwona hafanyi kitu. Mabaharia wa Lamu na visiwa vyake walikuwa na chombo kilichoitwa mtepe, kilichoundwa pasipo msumari, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi na tanga lake ni la mkeka, na wazee walikisifu kwa namna kilivyonyumbuka juu ya mawimbi ambayo yangevunja chombo kigumu. Sifa hiyo ni nusu ya habari. Mtepe ulivuja, na wakati wa safari wapo walioshinda ngamani wakifua maji, zamu baada ya zamu. Ulaini wake juu ya bahari ulilipiwa na migongo ya wafuaji. Mtu aeleaye naye ana ngama yake. Huvuta pumzi, huizuia kitambo, huitoa upesi, huvuta nyingine kabla mwili haujashuka. Viganja vyake hupapasa maji pole pole, shingo yake hukataa kila mara ushauri wa hofu. Kutulia kwake ni kazi, nayo haina likizo madamu yumo majini. Tawakali isiyofua maji siijui, na nikiisikia ikihubiriwa juu ya makaburi ya waliozama namtazama mhubiri nikijiuliza ni nani aliyekuwa na zamu ngamani usiku ule.

Walimu wajuzi wana desturi ambayo mwanzoni sikuielewa: kabla ya kumfundisha mtu kulala majini, humfundisha kuinuka. Mwanafunzi aliyelazwa na mikono ya mwalimu huambiwa akunje magoti kuyaelekeza kifuani, ashushe kidevu, ayasukume maji kwa viganja kutoka nyuma kuja mbele, na kiwiliwili huzunguka chenyewe mpaka nyayo zikaelekea chini, zikatafuta sakafu, zikaipata. Hurudia hivyo mpaka mwili ukariri njia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini yafaa kwanza ujue utatokea wapi. Na aliyekwisha kuijua njia ya kurudi hulegea kwa namna ambayo maneno matamu hayawezi kumlegeza. Penye kina, ambako hakuna sakafu, kuna namna nyingine ya kurudi, kugeuka na kukanyaga maji, nayo hufundishwa kwa zamu yake. Natamani kila anayewataka watu wamwaminie angeanza hapo. Abiria anayepanda kivuko ana haki ya kuonyeshwa jaketi la kujiokolea liko wapi na namna ya kulivaa kabla kamba hazijafunguliwa gatini. Mwanamke wa mwani ana haki ya kujifunza maji ya shingoni kabla ya kushauriwa apeleke kamba zake huko. Na mtoto wa Ukara, wa Kijini au wa Jambiani ana haki ya kufundishwa kulala na kuinuka majini katika umri uleule anaofundishwa kuhesabu. Haihitaji bwawa. Pwani ipo, ziwa lipo, na walimu wa kwanza wamekwisha patikana.